Bwana Asha

Hakummulika mtu usoni hata siku moja. Waongozaji wengine niliowaona katika majumba ya sinema ya mjini walikupiga tochi machoni kama askari anayetafuta mwizi, kisha wakakuachia giza lako uhangaike nalo. Yeye alimulika viatu vyake mwenyewe. Ulipolipita lile pazia zito la mlangoni, ukiwa bado na jua la Kawangware ndani ya macho, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa viatu viwili vyeusi vilivyopigwa rangi, vikitembea mbele yako taratibu juu ya zulia lililochakaa. Ulivifuata tu. Viliposimama ulijua kiti chako kiko hapo, na sauti ikakwambia chini chini, "Pole na safari."

Safari yangu mimi ilikuwa ya kutoka kwenye cherehani yangu pale kituo cha basi cha 46, mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Lakini kwa jinsi alivyolitamka neno hilo, nilijiona kweli nimetoka mbali. Nilikaa nikajipa pole, na machozi yakanilengalenga bila sababu, kabla hata ya picha kuanza.

Jumba lenyewe lilikuwa upande wa kwenda Satellite, la mawe ya kuchonga, lililojengwa enzi za mkoloni. Viti vilikuwa vya kukunja, vimevikwa kitambaa chekundu ambacho miaka ilikuwa imekigeuza rangi ya maharagwe. Darini kulikuwa na nyota za plasta, na saa nane za mchana, mwale wa projekta ukipita juu ya vichwa vyetu na vumbi likicheza ndani yake, ungeapa kwamba nyota hizo zinasogea. Kando kulikuwa na mlango mdogo ambao zamani watu wa rangi yetu ndio walioutumia. Aliufunga kwa mkono wake, akapanga ndoo za mchanga wa kuzima moto mbele yake. "Hapa tunaingia mlango mmoja," alisema, na hakuna mwenye jumba aliyewahi kumwambia aufungue.

Kazi yake iliitwa asha. Ni neno la Kizungu, usher, mwonyesha viti, ambalo sisi tulilitia kinywani kwa namna tuliyoweza, na kwa bahati likatoka likiwa jina la mwanamke. Vijana walimtania bila huruma.

"Niaje, Bi Asha. Leo kuna picha gani?"

"Bi Asha ameolewa," alijibu bila kugeuza kichwa. "Ongea na bwana yake."

Ndivyo alivyokuja kuitwa Bwana Asha, na ndivyo nitakavyomwita, maana jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, na siku hiyo ilikuwa mbaya.

Alikuwa na kanuni yake moja. "Mteja ni mpaka pale dirishani kwa tikiti," aliniambia. "Akishavuka pazia si mteja tena. Ni mgeni wangu." Na kwao, huko magharibi ambako hata mimi natoka, mgeni haulizwi shida yake kabla hajaketi. Kwa hiyo hakumwuliza mtu kitu. Alikutazama mara moja ukiwa bado mlangoni, akajua. Mama mwenye mtoto mchanga alimweka mwisho wa safu, karibu na mlango, ili akitaka kumbembeleza nje asiwaruke watu magoti. Kulikuwa na bawabu wa usiku aliyenunua tikiti kila Jumatano ili alale tu, maana chumbani kwake walikuwa sita. Alimpa kiti kilicho nyuma ya nguzo, kiti ambacho hakuna mtu angekitaka kwa kutazama chochote. Wakati wa kumwamsha ukifika hakumgusa mwili. Aligonga kidogo mgongo wa kiti, kama mtu anayebisha hodi.

Mara nyingine aliingia kijana aliyevimba macho kwa kulia. Bwana Asha alimpeleka mbele kabisa, safu ya kwanza, ambako hakuna anayekaa kwa hiari kwa sababu shingo inauma. Nilimwuliza baadaye kwa nini amtese mtu aliye na huzuni. Akanishangaa. "Huko mbele hakuna anayemwona. Na akiangalia juu, machozi hayatoki."

Picha ikiisha aliwasindikiza watu mpaka barabarani, kama unavyomsindikiza shemeji. Alisimama pale akapunga mkono kwa watu mia, na walio wageni kwa desturi zake walicheka. Sisi wengine tulizoea, nasi tukampungia.

Lakini nisije nikamchora malaika. Mtu yule alikuwa muungwana wa gizani tu. Jua lilimharibu. Nilijua, kwa sababu nilipanga chumba katika ploti waliyoishi yeye na mkewe huko Raila, mtaa wa Kibera, na kila asubuhi nilimsikia akigombana na mtu. Aligombana na foleni ya maji, aligombana na kuku wa jirani, aligombana na kamba ya kuanikia nguo. Siku moja alimnunia mwenye kuuza mandazi wiki nzima kwa sababu ya andazi lililokuwa na tundu katikati. Kisha saa sita ikifika huvaa koti, hupiga viatu rangi, hukata njia kupanda Ngong Road na kushuka Kawangware, na katikati ya safari hiyo mahali fulani uchungu wote ulikuwa ukimtoka. Sijui ni wapi. Nilitembea naye mara nyingi na sikuwahi kupaona.

Sasa nieleze habari ya koti, maana humo ndimo mambo yote yalimofichwa.

Mkewe tulimwita Mama Kwaya, kwa sababu aliimba, na alipoimba ploti nzima iliacha ilichokuwa ikifanya. Alikuwa wa kanisa la kanzu nyeupe na ngoma, mtu wa kufunga na kukesha, na sinema kwake ilikuwa nyumba ya shetani, tena shetani mwenyewe ndiye anayekata tikiti. Alipokuja kutoka nyumbani kumfuata mumewe Nairobi, Bwana Asha alikuwa tayari kazini. Akamwuliza kazi yake ni gani. Akajibu, "Mimi ni asha."

Na mama huyo, wiki ile ile, alikuwa amepelekwa kwenye mkutano mkubwa wa injili. Huko aliwaona wanaume wenye makoti wakiwapokea watu na kuwaonyesha viti. Aliuliza hao ni akina nani, akaambiwa hao ni maasha. Basi mume wake alipolitaja neno hilo, alipiga magoti sakafuni, akamshukuru Mungu kwa kumpa mume mtumishi.

"Mimi sikudanganya," Bwana Asha aliniapia. "Nilisema neno moja, na lilikuwa la kweli."

Kweli ilikuwa. Ubaya ni kwamba kila kitu kingine kilikubaliana nalo. Alivaa koti. Alifanya kazi Jumapili. Krismasi na Pasaka ndizo siku alizochelewa zaidi kurudi. Mama Kwaya alimwuliza watu wanafanya nini huko ndani, akamjibu kwamba wanakaa kimya, wanaangalia mbele, wengine wanalia. Akamwuliza kama wanatoa sadaka. Akasema wanatoa wakiwa bado mlangoni. Mama alifurahi sana kusikia kanisa lenye nidhamu namna hiyo.

Akamwita Mtumishi. "Mtumishi, chai iko tayari." "Mtumishi, koti lako." Koti hilo alilipiga pasi ya makaa kila Jumamosi, akalishika mabegani na kuliombea kabla hajampa alivae. Mimi niliyaona hayo kwa macho yangu. Bitana ilipochakaa aliniletea mimi nibadilishe, akaniomba nishone msalaba mdogo ndani ya mfuko wa kifuani, mahali ambapo hauonekani ila moyo unaujua. Nilishona. Nilikuwa nimekwisha kumwona mumewe akiwa na koti lile lile pale gizani, nimevifuata viatu vyake mpaka kitini, na bado nilishona, tena kwa uzi mzuri.

Siku ile ya kwanza aliponitambua kule ndani, alikuja wakati wa mapumziko akachutama kando ya kiti changu.

"Jirani, umeniona?"

"Nimeona viatu tu," nikasema.

Alinishika mkono. Nilidhani kwamba nimefanya jambo jema. Leo sina uhakika.

Baadaye nilimwuliza kwa nini asimwambie mkewe, yaishe. Tulikuwa tunatembea kurudi Raila. Tulilivuka daraja la mbao.

"Fundi, ukishona nguo ikakosea kipimo, halafu mwenyewe akaivaa akasema imemkaa sawasawa, utamwambia?"

"Sitamwambia."

"Basi."

Tulienda kidogo. "Shida ni kwamba wewe humwoni tena," akasema. "Mimi ndiye ninayemwangalia ameivaa kila siku."

Kila mwaka Mama Kwaya aliomba apelekwe akalione kanisa hilo, na kila mwaka Bwana Asha alipata sababu. Mara ni kanisa la watu wakubwa, linataka barua. Mara linapakwa rangi. Nilimwona akikonda kila ombi hilo lilipokaribia. Alimpenda yule mama kupita kiasi, na hofu yake haikuwa kupigiwa kelele. Alihofia kuitwa jina lake tu, bila lile la Mtumishi, na mwanamke ambaye machoni pake alikuwa mtu mkubwa.

Halafu video zikaja. Kila kona ya Kibera mtu aliweka televisheni na mabenchi, akaning'iniza gunia mlangoni, na watu wakaacha kupanda kuja kwetu. Jumba likawa na wageni ishirini, kisha tisa. Bwana Asha aliwapokea tisa kwa pole zile zile. Bawabu wa Jumatano sasa angeweza kulala safu yoyote, lakini aliendelea kwenda nyuma ya nguzo yake. Hizo ndizo alasiri ninazoziota mpaka leo, viti vitupu mia tatu, na mwale unapita juu yetu kwenda kwenye kitambaa, na viatu vimesimama pembeni vinasubiri mtu.

Mwishowe mwenye jumba aliwakodishia watu wa kanisa. Lilikuwa kanisa jipya, la vinanda na vipaza sauti, na mchungaji wao alikuwa kijana mchangamfu. Walipomkuta Bwana Asha amesimama mlangoni na koti lake walimwambia abaki. Walihitaji asha.

Sijamwona mtu akitembea vile alivyotembea jioni ile. Alinipitia pale 46 kabla sijafunga cherehani. Uso wake ulikuwa umelainika, na tulikuwa bado juani.

"Fundi, imekuwa kweli," aliniambia. "Neno limekuwa kweli lenyewe. Jumapili namleta mama."

Mimi pia nilifurahi. Hatukufikiri mbele, sisi wawili, kama watu wazima wangefikiri.

Jumapili hiyo Mama Kwaya aliomba ruhusa kanisani kwao, akaja na kanzu yake nyeupe, na mimi nikamsindikiza. Alipita pazia. Taa zote zilikuwa zimewashwa, hapakuwa na haja ya tochi, lakini mumewe alimtangulia vile vile polepole, akasimama kwenye kiti cha katikati, mahali pazuri kuliko pote. "Pole na safari, mama," akasema. Mama alikaa. Kiti kilipojikunjua chini yake alishtuka, akacheka, akaniambia hajawahi kuona kanisa lenye viti vinavyokutafuta vyenyewe.

Tuliimba, na sauti yake iliwafanya walio mbele wageuke. Kisha mchungaji akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mwezi jana tu, mahali hapa palikuwa pa shetani. Hapa palikuwa sinema. Lakini leo?"

"Ni ya Bwana," watu wakaitikia.

"Na tuko na shahidi. Tuko na mzee hapa amefanya kazi kwa hii sinema miaka ishirini na mbili." Akamtaja kwa jina lake la ubatizo. "Mzee, kuja mbele watu wakuone."

Bwana Asha alikuwa nyuma, mlangoni. Alishuka njia ya katikati, peke yake, bila mtu wa kumwonyesha mahali pa kwenda. Sikuwa nimewahi kumwona ndani ya jumba lile kwenye mwanga. Koti lilikuwa limepauka mabegani. Alipotupita hakututazama.

"Waambie watu ulikuwa unamtumikia nani," mchungaji akasema kwa upole. Hakuwa na nia mbaya, naye hakujua.

"Nilikuwa naonyesha watu viti."

"Lakini ulikuwa unamtumikia nani, mzee?"

"Watu, mchungaji. Walikuwa watu."

Wengine walicheka, mchungaji akapiga makofi, kinanda kikaanza. Mama Kwaya hakuimba. Alikuwa ameishika mikono ya kiti na anatazama tundu dogo la projekta kule juu, kisha nyota za plasta, kisha ukuta uliobaki na alama za mabango, kitu kimoja baada ya kingine.

"Fundi, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na msalaba ulishona."

"Nilishona."

Akainuka. Mumewe alikuwa bado mbele, ameshikwa bega na mchungaji, na pale mlangoni hapakuwa na mtu. Alilisukuma pazia kwa mkono wake mwenyewe, akatoka.

Hakumwacha. Hakumpigia kelele. Aliacha tu kulipiga pasi lile koti, na Bwana Asha akalipiga mwenyewe, vibaya, likawa na mistari miwili mgongoni. Hakumwita tena Mtumishi, wala jina lingine. "Chai iko," alisema, kama anayeuambia ukuta. Alipika, alifua, alimwuguza malaria ilipompata, lakini alifanya yote hayo kimya, na hata zile nyimbo alizoimba akiosha vyombo zilikatika. Ploti nzima ilihisi baridi. Mimi hakuniletea nguo tena. Nikahamia Kawangware nikijiambia ni kwa sababu ya kazi, na huo nao ulikuwa uongo wangu mdogo.

Kanisani Bwana Asha alifanya mwaka mmoja na nusu. Mara nilipopita nilimwona barabarani akiwapungia waumini. Kisha magoti yakamshinda.

Nilimwendea mwishoni mwa miaka ya tisini, alasiri ya mvua, niliposikia haamki vizuri. Njia za Raila zilikuwa tope tupu. Mama Kwaya alifungua mlango, akanitazama kidogo, akasema, "Karibu, Fundi," akaniwekea stuli. Bwana Asha alikuwa kitandani ameegemea ukuta, miguu imefunikwa blanketi. Chumba kilikuwa na giza lile la mvua, na bati lilipiga kelele mpaka ungependa kunyamaza. Mama aliketi juu ya stuli nyingine mlangoni penye mwanga anabangua karanga. Tulikunywa chai. Tuliongea habari za mvua, tukamaliza.

Kisha mama akasema, macho yakiwa kwenye ungo, "Huko ndani, mlikuwa mnaonyesha watu nini?"

Nilidhani ananiuliza mimi. Bwana Asha ndiye aliyejua anaulizwa yeye.

"Picha za kila namna."

"Moja basi."

Akakohoa. "Kulikuwa na moja ya mtu amebeba barua. Barua si yake. Alipewa na mwenzake akifa vitani, aipeleke kwa mke wa huyo mwenzake, mbali sana. Sasa anavuka mto, farasi anakufa. Anaenda na mguu. Anapita nchi haina maji, viatu vinaisha. Watu wanamwambia, wewe tupa hiyo karatasi, rudi kwenu. Anakataa. Anatembea mpaka anazeeka njiani." Sauti yake ilikuwa ile ya gizani, ya chini, niliyokuwa sijaisikia kwa muda mrefu. "Siku moja anaona nyumba. Anabisha. Yule mwanamke anafungua mlango."

Mkono wa mama ulikuwa umesimama juu ya karanga.

"Halafu?"

"Halafu sijui."

"Hujui vipi?"

"Mwisho ukikaribia, mimi huwa kwa mlango. Lazima nifungue kabla picha haijaisha, ndio watu wasiumie kwa ngazi wakitoka. Mwisho sikuwa naona."

"Ya hiyo picha?"

"Ya zote, mama."

"Miaka ishirini na mbili."

"Na mbili, ndiyo."

Mama Kwaya aliugeuza uso kwake. Nilidhani atalia. Midomo ilimchezacheza, mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kikubwa, cha mtu aliyekibana siku nyingi, mpaka karanga zikamwagika sakafuni.

"Kwa hivyo umenificha miaka yote hiyo," akasema, akijifuta macho kwa leso, "kitu hata wewe hujakiona mpaka mwisho."

"Ndiyo, mama," akajibu Bwana Asha, na yeye sasa ndiye aliyekuwa analia.

Mama aliinama akaziokota karanga moja moja, akazirudisha kwenye ungo. Hakuharakisha. Mvua ilikuwa imepungua kidogo.

"Alimkaribisha," akasema. "Huyo mwanamke. Alichukua barua, akampa maji ya kuosha miguu. Mtu hawezi kutembea hiyo njia yote halafu afungiwe mlango."

Bwana Asha aliitikia kwa kichwa, mara nyingi.

Mama akasogeza stuli yake kutoka mlangoni mpaka karibu na kitanda, akaweka ungo magotini.

"Haya," akamwambia. "Anza ingine."